Maili 200 za Bahari: Uhuru Ulioandikwa kwa Kalamu

Kila Desemba, jumuiya yetu inapokutana kuadhimisha Jamhuri, watoto husimuliwa jinsi nchi ilivyopatikana. Huambiwa habari za wapiganaji wa Mau Mau msituni, kesi ya Kapenguria, mikutano ya Lancaster House hapa hapa London, na jinsi bendera ya Mwingereza ilivyoshushwa usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963. Yote hayo yanastahili kusimuliwa kila mwaka. Lakini ni historia ya nchi kavu. Kamati iliponiomba makala ya mwaka huu, niliomba niandike juu ya sehemu ya Kenya ambayo haikupatikana usiku ule, nayo ni bahari.

Mimi ni muuguzi, si mwanasheria. Nilizaliwa Mombasa, na sasa nafanya kazi katika mji wa bandari kusini mwa Uingereza. Wodini kwetu hulazwa mabaharia wanaoshushwa melini wakiwa wagonjwa. Siku moja niliuliza ni nani anayewalipia matibabu, nikajibiwa kwamba upo mkataba wa kimataifa wa mwaka 2006 kuhusu kazi za mabaharia, unaomtaka mwenye meli agharimie matibabu ya baharia wake. Tangu hapo nikawa nasoma sheria za bahari kila nikipata mapumziko. Humo nikakuta jambo ambalo sikulisikia shuleni: kwamba mojawapo ya mawazo makubwa kabisa katika sheria hizo lilipelekwa duniani na Kenya, ikiwa nchi ambayo haijatimiza hata miaka 10 ya uhuru.

Bahari ya nani?

Wazee wetu wa Pwani waliitumia bahari karne nyingi kabla ya Mzungu kuiandikia sheria. Majahazi yalikuja na kaskazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, yakarudi na kusi. Kila bandari ilikuwa na desturi zake na ushuru wake, ila maji ya katikati hayakuwa na mwenyewe. Wareno walipofika, kuanzia 1498, mambo yalibadilika. Walitaka kila chombo cha biashara katika Bahari ya Hindi kichukue hati kutoka kwao, na kisichokuwa na hati kiliweza kutekwa. Fort Jesus, waliyoanza kuijenga Mombasa mwaka 1593, ilikuwa sehemu ya mpango huo wa kuitawala njia ya bahari.

Mwaka 1603 Waholanzi waliiteka meli ya Kireno iitwayo Santa Catarina karibu na Singapore. Ili kuutetea utekaji huo, kampuni ya Waholanzi ilimtafuta mwanasheria kijana, Hugo Grotius. Sehemu ya utetezi wake ilichapishwa mwaka 1609 kwa jina la Mare Liberum, yaani bahari huru. Hoja yake ilikuwa kwamba bahari haiwezi kumilikiwa na taifa lolote. Vijana wetu wanaosomea sheria wazingatie hili: kitabu kinachohesabiwa kuwa msingi wa sheria ya bahari kilitokana na kazi ya wakili aliyekuwa na mteja, na ugomvi wenyewe ulihusu nani afanye biashara upande wetu wa dunia. Sisi hatukuulizwa.

Baadaye dola za Ulaya zilizoea kanuni kwamba nchi ya pwani ina mamlaka juu ya ukanda mwembamba tu wa maji, kwa kawaida maili 3 za baharini, umbali uliosemekana kuwa ni wa risasi ya mzinga kutoka ufukweni. Kupita hapo palikuwa bahari kuu, na bahari kuu ilikuwa huru kwa kila mtu. Maana yake hasa ilikuwa huru kwa mwenye meli kubwa na nyavu ndefu.

Tulichorithi mwaka 1963

Kabla ya uhuru, ukanda wa Pwani wa maili 10 ulikuwa kisheria chini ya Sultani wa Zanzibar. Ulijadiliwa sana, na kwa makubaliano ya Oktoba 1963 ukaingia rasmi katika Kenya huru. Hiyo ni nchi kavu. Kwa upande wa maji, Kenya ilirithi kanuni ya Mwingereza ya maili 3, ambazo ni kama kilomita tano na nusu. Meli ya uvuvi kutoka nchi ya mbali iliweza kutia nyavu mahali ambapo mvuvi wa Malindi anaiona kwa macho yake, na isivunje sheria yoyote.

Sheria zenyewe zilikuwa zimeandikwa sisi tukiwa hatupo. Mwaka 1958 wajumbe wa mataifa 86 walikutana Geneva na kupitisha mikataba minne ya bahari. Kenya wakati huo ilikuwa koloni, chini ya Hali ya Hatari. Hata hivyo, wakubwa hao walishindwa kukubaliana juu ya upana wa bahari ya taifa. Walijaribu tena mwaka 1960, wakashindwa tena. Huko Amerika ya Kusini, Chile na Peru zilikuwa zimekwisha kudai maili 200 tangu 1947, na mwaka 1952 zikaungana na Ekwado kulitetea dai hilo. Dola zenye meli nyingi za kivita na za uvuvi hazikutaka kusikia habari hiyo.

Mlango ulifunguka tarehe 1 Novemba 1967. Balozi wa Malta, Arvid Pardo, alisimama katika Umoja wa Mataifa akataka sakafu ya bahari, iliyo nje ya mipaka ya nchi zote, iwe urithi wa pamoja wa wanadamu. Hotuba ile ilizaa kamati, na kamati ikazaa mkutano mpya wa sheria ya bahari. Safari hii Afrika ilikuwa na viti. Swali likawa: tukikaa vitini tutasema nini?

Wazo la Kenya

Mtu aliyekuwa na la kusema alikuwa Frank Njenga, mwanasheria na mwanadiplomasia wa Kenya. Januari 1971 wanasheria wa nchi za Asia na Afrika walikutana Colombo, na humo Njenga akaanza kulieleza wazo lake. Januari 1972 alilirudia mjini Lagos, safari hii likiwa limeandikwa kwa ukamilifu. Juni mwaka huo wataalamu wa Afrika walikutana Yaoundé wakaliunga mkono wazo la namna hiyo. Agosti 1972, mjini Geneva, Kenya iliwasilisha rasimu ya vifungu mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa.

Wazo lenyewe linaelezeka kwa urahisi. Ugomvi wa dunia ulikuwa umekwama kwa sababu kila upande uliichukua bahari kuwa kitu kimoja: ama ni yako yote, ama si yako kabisa. Kenya ikasema haki zitenganishwe. Mpaka maili 200 kutoka pwani, mali iliyomo majini na chini yake, samaki, mafuta, madini, iwe ya nchi ya pwani. Lakini njia ibaki ya wote: meli zipite, ndege ziruke juu, nyaya zilazwe chini. Aliyeogopa kufungiwa njia hakuwa tena na sababu ya kukataa, na aliyetaka samaki wake alipata samaki wake. Ukanda huo ukaitwa ukanda maalum wa kiuchumi.

Rasimu ya Kenya haikuwasahau majirani. Ilitaka nchi zinazoendelea zisizopakana na bahari ziruhusiwe kuvua katika ukanda wa jirani yao. Ndugu zetu wa Uganda, Rwanda na Burundi wanaokuja kwenye sherehe hizi wana haki ya kulijua jambo hilo.

Kwa mtoto aliyezaliwa hapa, maili 200 huenda ni namba tu. Ni kama kilomita 370. Ukiigeuza njia hiyo ukaielekeza bara, ni zaidi ya robo tatu ya safari ya barabara kutoka Mombasa hadi Nairobi. Hiyo ndiyo nchi iliyoongezwa baharini, wala hapakupigwa risasi hata moja.

Montego Bay

Mkutano wa Tatu wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari ulianza New York Desemba 1973, ukahamia Caracas mwaka 1974, na ukaendelea kwa miaka tisa. Rais wake wa kwanza, Hamilton Shirley Amerasinghe wa Sri Lanka, alifariki mwaka 1980 kazi ikiwa haijakwisha, na Tommy Koh wa Singapore akaimalizia. Njenga mwenyewe aliongoza mojawapo ya makundi ya majadiliano juu ya sakafu ya bahari.

Tarehe 10 Desemba 1982, siku mbili kabla ya Kenya kutimiza miaka 19 ya uhuru, mkataba ulitiwa saini Montego Bay, Jamaika. Wajumbe 119 walitia saini siku hiyo ya kwanza, na Kenya ilikuwa miongoni mwao. Mkataba una vifungu 320, na sehemu yake ya tano yote ni ya ukanda maalum wa kiuchumi. Ulianza kutumika tarehe 16 Novemba 1994. Leo zaidi ya theluthi moja ya bahari za dunia imo ndani ya kanda za namna hiyo, za nchi tajiri na maskini pia.

Jirani zetu Watanzania nao walifanya kazi kubwa. Joseph Warioba, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu, aliiongoza kamati ya matayarisho ya chombo cha kusimamia sakafu ya bahari. Mwaka 1996 akachaguliwa kuwa miongoni mwa majaji 21 wa kwanza wa Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, iliyo Hamburg. Mtanzania mwingine, James Kateka, alichaguliwa kwenye mahakama hiyo mwaka 2005.

Kenya na Tanzania zenyewe zilikuwa zimekwisha kuonyesha mfano. Kwa barua walizoandikiana Desemba 1975 na Julai 1976, zilikubaliana mpaka wao wa baharini bila kwenda mahakamani. Ndani ya makubaliano hayo waliwakumbuka wavuvi wadogo: mvuvi wa kienyeji anayevua kwa riziki yake aliruhusiwa kuvua hadi maili 12 upande wa mwenzake. Walioandika barua zile walijua kwamba watu wa Vanga na wa Pemba walikuwa wakikutana majini kabla ya mpaka kuwapo.

Mali bila daftari

Wauguzi tuna kanuni tunayofundishwa mwaka wa kwanza: huduma isiyoandikwa katika faili la mgonjwa huhesabiwa kuwa haikutolewa. Wahenga wetu walikwisha kuisema kabla ya hospitali: mali bila daftari hupotea bila habari. Kesi ya mpaka wetu na Somalia inalithibitisha hilo.

Mwaka 1979 Kenya ilitangaza ukanda wake wa maili 200, na kwa upande wa kaskazini ikataja mstari unaoelekea mashariki moja kwa moja kwa kufuata latitudo. Mwaka 2005 ikatangaza tena. Somalia ilitaka mstari mwingine, wenye kugawa sawa kwa kupima kutoka pwani zote mbili. Kati ya mistari hiyo kuna eneo la zaidi ya kilomita za mraba 100,000. Agosti 2014 Somalia ilifungua kesi katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague.

Hoja kuu ya Kenya ilikuwa kwamba Somalia ilinyamaza kwa miaka mingi, na kwa kunyamaza ilikubali. Ikataja doria za jeshi lake la majini, leseni za uvuvi na vibali vya kutafuta mafuta. Majaji wakazipitia karatasi za miongo mitatu na zaidi: ni nani alitangaza nini, kwa maneno gani, lini, na mwenzake alijibuje. Tarehe 12 Oktoba 2021 wakasema kwamba kimya hicho hakikutosha kuwa makubaliano. Wakumbuke wasomaji kwamba kwa sehemu ya miaka hiyo Somalia ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mahakama ililizingatia hilo. Mwishowe haukuchorwa mstari wa Kenya wala ule wa Somalia, bali mstari wa kati uliorekebishwa kidogo kwa faida ya Kenya. Wakati wa kusikilizwa kwa kesi kwa mdomo, Machi 2021, Kenya haikuhudhuria, na hukumu ilipotoka serikali ilitangaza kuikataa.

Siandiki haya kumlaumu mtu, wala kuichochea chuki dhidi ya ndugu zetu Wasomali, ambao wengine ni wagonjwa wangu na wengine ni wafanyakazi wenzangu. Kiunga na Ras Kamboni zinatazamana, na Wabajuni wa pande zote mbili ni jamaa. Nayaandika kwa sababu ya tofauti ninayoiona. Mwaka 1972 Kenya ilisikilizwa kwa kuwa ilikuja na hoja iliyoandikwa vizuri kuliko za wengine. Mwaka 2021 hoja zilizosomwa kwa makini ziliandikwa na pande mbili, lakini chumbani ilisikika sauti ya mmoja. Bahari ni ile ile. Kilichobadilika ni nani aliyekuwapo kuizungumzia.

Mahali watu wanapofundishwa kazi hii

Watu wa kazi hii hawaokotwi. Mkataba ulipokuwa bado unajadiliwa ilionekana wazi kwamba nchi changa zitapewa haki ambazo hazina watu wa kuzisimamia. Ndiyo maana shule zikaanzishwa mfululizo. Mwaka 1972 Elisabeth Mann Borgese alianzisha taasisi ya bahari huko Malta, ambayo imewafundisha maofisa wengi kutoka nchi zinazoendelea. Mwaka 1981 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliunda ufadhili wa utafiti kwa jina la marehemu Amerasinghe. Mwaka 1983 kilifunguliwa Chuo Kikuu cha Dunia cha Masuala ya Bahari mjini Malmö, Uswidi. Mwaka 1988 ikafuata taasisi ya sheria za bahari huko Malta. Vyote viwili viko chini ya Shirika la Kimataifa la Bahari, ambalo makao yake makuu yako London, kando ya mto Thames. Wengi wetu tumepita mbele yake ndani ya basi bila kujua ni nini.

Mfumo wa taasisi ya Malta ulinivutia kuliko yote. Mwanafunzi wa uzamili haandiki tasnifu tu. Huchukua mkataba mmoja wa kimataifa ambao nchi yake bado haijauingiza katika sheria zake, akautungia rasimu ya sheria ya kwao, tayari kupelekwa nyumbani. Tena nusu ya nafasi wametengewa wanawake. Binti zangu niliwasomea sentensi hiyo mara mbili.

Nasi tunaoishi hapa tuko karibu na mlango. Chuo Kikuu cha Southampton kina taasisi yake ya sheria za bahari tangu 1982, mwaka ule ule wa Montego Bay. Mtafiti wa uzamivu katika fani hii husoma ramani za zamani za wanamaji, barua za magavana, matangazo ya gazeti la serikali, na vipimo vya mahali maji yanapokupwa. Karatasi nyingi za enzi ya ukoloni kuhusu pwani yetu zimehifadhiwa Kew, London. Kijana wetu anayeweza kusoma Kiingereza cha gavana, Kiswahili cha mvuvi na pengine Kiarabu cha nyaraka za Sultani, ana silaha ambayo mwenzake wa Ulaya hana.

Neno la vitendo kwa wazazi. Nafasi nyingi za ufadhili katika vyuo hivi hupitia mapendekezo ya serikali ya nchi ya mwombaji. Katiba ya Kenya ya 2010 inaruhusu uraia pacha, kwa hiyo mtoto aliyechukua pasipoti ya Uingereza bado anaweza kuwa Mkenya. Msiiache nafasi hiyo kwa uvivu wa kujaza fomu. Na mtoto anayependa hesabu au baiolojia kuliko sheria asidhani hayumo. Malmö hupokea watu wa fani nyingine, na mpaka wa bahari huchorwa na mpimaji kabla ya kutetewa na wakili.

Nimesomea shahada yangu katika nchi hii nikifanya kazi za usiku, kwa hiyo najua gharama ya kumwambia mtoto asome. Najua pia kwamba katika nyumba zetu orodha ya kazi njema ni fupi: udaktari, uuguzi, uhasibu, uhandisi. Nasema kama muuguzi niliyeridhika na kazi yake kwamba orodha hiyo haitoshi. Mwaka 2023 mataifa yamepitisha mkataba mwingine, wa kulinda viumbe vya bahari kuu, ile sehemu iliyo nje ya maili 200 za kila mtu. Utahitaji kufasiriwa, kutungiwa sheria na kubishaniwa kwa miaka 50 ijayo. Watakaokaa vitini wako shuleni sasa hivi, na baadhi yao watakuwa ukumbini kwetu siku ya sherehe, wakisubiri pilau.

Basi mwaka huu, baada ya kuwasimulia Kapenguria na Lancaster House, waongezeeni na Colombo, Lagos na Montego Bay. Waambieni kwamba nchi yao haiishii ufukweni.

Heri ya Jamhuri kwenu nyote.